Mguu Una Wakati Wake: Kufundisha Baleti Arusha

Mzazi anayemleta mtoto kwenye darasa langu la baleti hapa Njiro huuliza ada, huuliza nguo za mazoezi, kisha huuliza ni lini mtoto ataanza kusimama juu ya ncha za vidole. Kuhusu sakafu hakuna anayeuliza. Mimi nikiingia ukumbi wowote, hata ule wa sherehe ya kipaimara, naanza kuangalia chini. Nikikuta tailizi juu ya zege, najua watoto wangu hawataruka humo, hata kama mwenye ukumbi anatoa bure.

Mtoto anaporuka na kutua, miguu yake hupokea nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa hunepa kidogo na kuchukua sehemu ya nguvu hiyo. Zege halinepi. Nguvu yote hurudi kwenye mifupa ya unyayo, kwenye muundi, kwenye goti, na kwa mtoto anayeruka tena na tena katika kipindi kimoja, maumivu ya muundi hayachelewi. Watoto wetu wamelelewa kuvumilia. Hatasema. Atacheza akiwa ameuma meno, na mzazi aliyekaa pembeni ataona bidii.

Sakafu niliyonayo sasa ilijengwa na fundi seremala wa mtaa wa Unga Limited ambaye hakuwahi kuona baleti. Tulianza kwa kutoelewana. Yeye alifunzwa na wazee wake kwamba mbao ikishawekwa isitikisike, na mimi namwambia nataka itikisike. "Madamu, sakafu inayocheza ni kazi mbovu. Watu watauliza fundi alikuwa nani," aliniambia. Nikamwomba aruke pale pale kwenye saruji ya karakana yake, kisha apange mbao kwa kupishana, aweke ubao juu yake, aruke tena. Aliruka mara ya pili, akashuka, akachukua futi na kuanza kupima.

Tulimwaga kwanza dawa ya mchwa. Juu ya zege tukaweka vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka matairi ya zamani, juu yake mbao za saipresi za mbili kwa mbili, safu moja ikikatiza nyingine, kisha plaiwudi tabaka mbili, maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Hakuna msumari uliofika kwenye zege. Pembeni mwa kuta tuliacha nafasi, kwa sababu masika ikiingia mbao hunyonya unyevu na kutanuka, na zisipopata pa kwenda zitafumuka katikati. Juu kabisa tukatandika kapeti la plastiki lisiloteleza. Vyuma vya kushikilia, tunavyoviita mabomba, vilichomelewa na kijana wa mtaa huo huo. Fedha ya sakafu hiyo ingeweza kununua vioo vya ukuta mzima, na wazazi wengine walinilaumu kwamba darasa halina vioo. Vioo vilikuja baadaye sana. Mtoto hasimami juu ya kioo.

Nilizaliwa Arusha wakati makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza yakiwa hapa. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, wageni wengi wakaondoka, lakini mama mmoja wa Kizungu alibaki na kuendelea kufundisha watoto sebuleni kwake, Kijenge, kwa santuri. Huko ndiko nilikoanzia. Baadaye nilikwenda Nairobi, nikasoma, nikafanya mitihani ya madaraja, nikacheza katika makundi ya nyuma jukwaani, nikaanza kusaidia kufundisha watoto wadogo, na nikagundua kwamba napenda zaidi kutazama kuliko kutazamwa. Nikarudi nyumbani.

Kwa miaka mingi darasa langu lilijaa watoto wa wageni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa ikifanya kazi zake katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa Arusha, na familia za watumishi wake zilitafuta kila aina ya masomo kwa watoto wao. Walikuwa watoto wazuri, wenye nidhamu, lakini mkataba wa baba au mama ukiisha, wanahama. Unamfundisha mtoto kuinama vizuri, kunyoosha unyayo, kusikia muziki, na anapofika mahali ambapo mwili unaanza kujibu, anakuja kukuaga. Mahakama ilifunga milango mwishoni mwa 2015 na darasa likapukutika. Wenzangu walinishauri nifunge. Waliobaki walikuwa watoto wa hapa: wa walimu, wa waongoza watalii, wa mama wenye maduka, wa wachungaji. Ni hapo tu ndipo nilipopata watoto wanaokaa, na mwalimu wa baleti asiye na watoto wanaokaa hana cha kufundisha zaidi ya mwanzo.

Maana kazi hii, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kusimama kati ya mwili wa mtoto na haraka ya watu wote wanaompenda. Mama ana haraka. Shule iliyoomba onyesho la mahafali ina haraka. Mtoto mwenyewe ndiye mwenye haraka kuliko wote, kwa sababu ameona klipu za wenzake kwenye simu. Mwili hauna haraka, na wa kuusemea ni mwalimu peke yake.

Mfano wa kwanza ni kugeuza miguu nje. Misimamo mitano ya miguu ambayo kila mtoto wa baleti anaijua ilipangwa Ufaransa katika enzi ya mfalme Louis XIV, aliyeanzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na anayetajwa kuipanga ni mwalimu wake wa dansi, Pierre Beauchamp. Wakati ule miguu haikugeuzwa kama leo. Leo mtoto anaona picha ya miguu iliyofanya mstari mmoja ulionyooka, nyuzi 180, kisigino kimeangalia kisigino, naye anataka hivyo hivyo kesho.

Mguu hugeuka kutoka kwenye nyonga. Jinsi tundu la nyonga lilivyokaa na jinsi shingo ya mfupa wa paja ilivyolala ndivyo mtu alivyozaliwa. Mazoezi humpa nguvu ya kutumia alichonacho, lakini mfupa wenyewe hayaubadilishi. Asiye na nyuzi hizo atazitafuta kwingine: ataegemeza kifundo ndani, unyayo utalala, goti litapindwa upande ambao halikuumbwa kwenda. Nilikuwa na binti mmoja mwenye akili sana, alijifunza kwa YouTube kabla ya kuja kwangu. Vidole vyake vilitazama kuta mbili za ukumbi na magoti yake yalinitazama mimi. Nilimlaza chali sakafuni, miguu imenyooka, nikamwambia ageuze. Akilala, hakuna msuguano wa sakafu wa kumshikia miguu mahali ambapo nyonga haijafika. Miguu yake ilifunguka kiasi cha nusu tu ya alichokuwa anaonyesha. Nikamwambia asimame hivyo hivyo.

"Ticha, mbona imekuwa ndogo?"

"Hii ni yako, mwanangu. Ile nyingine uliikopa kwenye goti."

Alilia kidogo. Baada ya mihula kadhaa alikuwa anaruka juu kuliko alivyowahi, kwa sababu sasa goti lilikuwa juu ya kidole cha pili cha mguu na nguvu ilipata njia iliyonyooka ya kupanda na kushuka.

Katika wakufunzi wote niliowasoma, ninayemrudia mara kwa mara ni Agrippina Vaganova, mzaliwa wa St. Petersburg mwaka 1879. Alikaa miaka mingi jukwaani kabla ya kupewa cheo cha juu cha mchezaji, akakipata 1915, na mwaka uliofuata akaacha kucheza. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho wa habari. Yeye aliichukua miaka ile ya kuhangaika na mwili wake na kuuliza kila hatua inatokana na nini: mkono unasaidiaje kuzunguka, mgongo unafanya nini mguu unapoinuka nyuma. Mwaka 1934 alichapisha kitabu cha misingi ambacho walimu bado wanakitumia, na mchezaji mashuhuri Galina Ulanova alipita mikononi mwake. Nampenda kwa sababu alipanga mafunzo kwa miaka, hatua kwa hatua, na jambo la mwaka wa tano halikuletwa mwaka wa pili eti kwa kuwa mtoto ana kipaji. Mwenye kipaji ndiye anayehitaji kucheleweshwa zaidi, maana yeye hufanya kitu kabla misuli haijajua inafanya nini, na makosa yake yanapendeza kutazama.

Niseme pia kwamba watoto wa Arusha hawaji watupu. Kuna mwalimu mgeni aliyewahi kunitembelea akaniambia ngoma huharibu mwili wa baleti, kwa sababu ngoma huelekea ardhini na baleti huelekea juu. Sikubaliani naye hata kidogo. Msingi wa kila mruko wa baleti ni plie, yaani kukunja magoti huku mgongo umesimama, na mtoto aliyekulia kwenye ngoma ana plie laini ambayo mtoto wa ghorofani hukaa miaka akiitafuta. Wasichana waliojifunza sindimba shuleni wanajua nyonga zao zilipo. Ukimwambia msichana wa namna hiyo aitulize nyonga wakati mguu unainuka, anaweza, kwa sababu aliyezoea kuichezesha kwa kutaka anaweza pia kuizuia kwa kutaka. Wanaonipa kazi ni wale ambao nyonga kwao ni mahali pa kufungia mkanda.

Kijana mmoja alitoka Ngaramtoni, Mwarusha, ameruka na wenzake tangu akiwa mdogo. Mruko wake ulikuwa wa ajabu, mwili umenyooka kabisa, kama mnavyowaona morani. Lakini katika kuruka kule visigino haviruhusiwi kugusa chini. Mtu anadunda juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Baleti inataka kinyume: kutua kwa vidole, kisha unyayo, kisha kisigino kiguse, na goti likunjwe kupokea. Kisigino kisipofika chini, mshipa mnene wa nyuma ya kifundo hufupika na kuuma. Hatukuufuta mruko wake wa kwanza. Tulikubaliana kwamba ana miruko miwili, na kila mmoja una utuaji wake, na kwamba asiichanganye. Ilichukua muda mrefu. Akiwa kwao anaruka kama kwao, akiwa ukumbini anatua kama ukumbini, na baba yake, aliyekuwa na mashaka makubwa juu ya mwanaume kuvaa suruali ya kubana, alipoona mtoto ameruka na kutua bila sauti, aliniuliza anafanyaje. Tukakaa nje kwenye benchi nikamweleza habari za kisigino. Hakuuliza tena kuhusu suruali.

Viatu vya ncha ndivyo vilivyonigombanisha na watu wengi zaidi. Tangu mchezaji Marie Taglioni alipopanda jukwaa la Paris mwaka 1832 akisimama juu ya vidole, dunia imeamua kwamba hiyo ndiyo baleti, mengine ni maandalizi. Viatu vya Taglioni vilikuwa laini, vimeshonwa nyuzi tu mbele. Vya leo vina boksi gumu la matabaka ya kitambaa, karatasi na gundi, na kipande chembamba kigumu chini ya unyayo. Watu wanadhani boksi ndilo linalombeba mtoto. Boksi linashika vidole tu. Anayembeba ni kifundo, shavu la mguu, paja, tumbo na mgongo wake mwenyewe, na hivyo haviuzwi dukani.

Mifupa ya mguu wa mtoto haijakomaa. Miisho yake inayokua bado ni laini, na mzigo wa mwili mzima ukiwekwa juu yake kabla ya wakati ni sawa na kupandisha ghorofa juu ya matofali ambayo hayajachomwa. Mimi sianzi chini ya miaka 12, na hata hiyo miaka 12 peke yake haitoshi. Lazima awe amefanya miaka kadhaa ya mafunzo ya kweli. Nataka aweze kupanda juu ya nusu kidole, yaani kisigino juu na uzito kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, kwa mguu mmoja na kukaa hapo bila kifundo kuyumba, goti limenyooka. Nataka unyayo ukinyooshwa ufanye mstari mmoja na muundi. Nataka aruke kwa mguu mmoja mara nyingi mfululizo na kiwiliwili kisimwagike. Akikosa kimoja, tunasubiri.

Mama mmoja alitoka safari ya biashara Dubai akiwa na viatu hivyo kwenye mfuko mzuri, kwa ajili ya binti wa miaka tisa.

"Ticha, nimeona mtoto wa miaka tisa Nairobi anavaa. Kwenye video kabisa."

"Mama, nakuelewa. Lakini vidole vya mwanao bado vinajengwa."

"Nimpeleke wanakoruhusu?"

"Siwezi kukuzuia, ni mwanao. Nakuomba tu umpitishe kwanza kwa daktari wa mifupa unayemwamini, umwonyeshe kiatu chenyewe."

Alikasirika, akaondoka. Alimpeleka kwa daktari kweli, na wiki iliyofuata binti akarudi darasani na viatu vile, mama akaniomba nimtunzie. Binti alipokuwa tayari, mguu ulikuwa umeshavipita. Tukakata kimoja kwa kisu katikati, darasa zima likaona matabaka ya karatasi na gundi, likaona kile kipande kigumu, na watoto wakashangaa jinsi kilivyo kitu cha kawaida ndani. Tangu siku hiyo kiatu kile kilichokatwa kiko kabatini, na kila mzazi mwenye haraka nampa akishike.

Kuhusu rangi ya viatu, kwa muda mrefu tulivaa waridi kwa sababu ndiyo iliyouzwa. Waridi ile iliwekwa ili mstari wa mguu wa Mzungu uendelee bila kukatika mpaka kwenye ncha. Kwenye mguu wa binti yangu wa Kichaga au wa Kimeru inafanya kinyume, inamkata mguu kifundoni. Arthur Mitchell, mtu mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu katika New York City Ballet, alianzisha kundi la Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, na wachezaji wake wakaanza kuvaa soksi ndefu na viatu vya rangi ya ngozi zao. Uingereza, kampuni ya viatu ya Freed of London ikishirikiana na kundi la baleti la Ballet Black ilianza kuuza viatu vya ncha vya kahawia na shaba mwaka 2018, na hapo katikati ilipita karibu nusu karne. Sisi hatukusubiri meli. Tunanunua fandesheni ya uso inayolingana na kila binti, tunapaka kwa sponji juu ya satini, tunaacha ikauke. Ni kazi ya Ijumaa jioni, wanaifanya wenyewe, wanajuana rangi zao kwa majina ya kopo.

Kuna haraka ya upande mwingine, ya wazazi wanaodhani mtoto amechelewa. Binti wa kidato cha kwanza anakuja, mama anasema kwa huzuni kwamba wenzake walianza wakiwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano kwangu anajifunza kusikiliza, kupeana zamu, kuruka kamba. Baleti yenyewe huanza baadaye. Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu katika American Ballet Theatre. Simtaji ili kumwahidi mtu New York. Namtaja kwa sababu mwili wa miaka 13 unaofundishwa kwa akili huelewa katika muhula mmoja jambo ambalo mwili wa miaka mitano hubeba kwa miaka bila kulielewa.

Muziki wetu kwa muda mrefu ulitoka kwenye simu na spika. Kisha nikampata kijana anayepiga kinanda kanisani. Alikuja na wasiwasi kwamba hajui muziki wa Chopin. Nikamwambia apige anachojua. Akapiga pambio, kisha wimbo wa kitabu wenye mapigo matatu, taratibu, na watoto wakafanya plie juu yake kama umetungwa kwa ajili hiyo. Nilichomfundisha ni vitu vichache: atoe mapigo manne ya kutangulia ili watoto wajiandae, afunge kila sentensi ya muziki kwenye nane, na awatazame miguu. Mpigaji anayewatazama miguu huongeza kidogo pale mtoto anapohitaji hewa ya kupanda. Simu haijui kufanya hivyo.

Masika ikija, bati la ukumbi hupiga kelele hata kinanda hakisikiki. Zamani nilikuwa nasimamisha darasa. Siku hizi naendelea. Kijana anapiga, hatumsikii, lakini tunamwona mabega yake, nami napiga hesabu kwa mkono hewani, watoto wanabeba mapigo ndani yao. Ukitaka kujua nani ana muziki na nani alikuwa anamfuata jirani yake, ngoja mvua.

Kufundisha na kukochi ni kazi mbili. Mwalimu anampa mtoto hatua, kocha anachukua hatua ambazo mtoto tayari anazo na kumuuliza anazifanya kwa nini. Nilikaa muda mrefu na binti mkubwa tukiandaa sehemu ya kitendo cha kwanza cha Giselle, baleti iliyoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1841. Giselle ni binti wa kijijini mwenye moyo mgonjwa, anampenda kijana bila kujua kwamba ni mtu wa ukoo mkubwa aliyejificha. Katika dansi yake kuna mahali anakatiza jukwaa kwa kurukaruka juu ya ncha ya mguu mmoja. Binti yangu aliweza miguu yote. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Hapa anamwonyesha nani?" nilimuuliza.

"Watu, Ticha. Wameketi."

"Mama yake yuko wapi?"

Hakujua. Nikamweleza kwamba mama yake Giselle yuko pale pale jukwaani, na amemkataza kucheza kwa sababu ya ule moyo. Katika baleti kuna lugha ya mikono: mikono ikizungushana juu ya kichwa ni kucheza, kidole kikigusa kidole cha pete ni ndoa, ngumi mbili zikikatizana chini mbele ya mwili ni kifo. Mama anasema kwa mikono kwamba ukicheza hivi utakufa. Basi kila mruko wa yule binti unafanyika mbele ya mama anayeogopa. Anacheza akiwa na furaha, na anamwangalia mama kwa pembeni kumwambia, tazama, sijafa.

Tuliacha hatua kabisa kwa wiki kadhaa. Alitembea tu, akaketi, akainuka, akamtazama mama. Mama tulimpata kwa kumwomba mzazi mmoja, mfanyabiashara wa soko la Kilombero, asimame pale kila tulipofanya mazoezi. Aliposhika ile mikono ya kukataza, hakuhitaji kufundishwa sana. Alikuwa ameifanya nyumbani maisha yake yote. Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa bibi na shangazi ambao hawajui Giselle ni nani. Mama alipovuka mikono kuonyesha kifo, bibi mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Msikilize mama yako, we mtoto!" Wengine wakaitikia. Sijawahi kusikia baleti ikijibiwa hivyo katika ukumbi wowote, na nilifurahi kuliko ningepigiwa makofi. Binti jukwaani alisikia, akamgeukia mama yake, akaruka.

Asingeweza kufanya hivyo kama miguu yake ingekuwa bado inamwomba msaada. Miaka yote ile ya mabomba, ya kunyoosha unyayo mbele, pembeni na nyuma, ya kukataliwa viatu, ililipa hapo: mguu haukumhitaji tena, akabaki na nafasi ya kumwangalia mama.

Sasa nina wasaidizi wawili niliowafundisha tangu wakiwa watoto, na wao wanataka kuwa walimu. Muhula wa kwanza siwaruhusu kufundisha. Wanakaa chini, wanatazama miguu tu, kisha wanatazama migongo tu, na wanaandika walichoona. Wanajifunza kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtoto, hata kama ni kumsahihisha bega, na kumweleza mtoto kwa nini wanamgusa. Wanajifunza kutoa sahihisho moja kwa wakati, kwa sababu mtoto aliyepewa matano atachukua lile rahisi.

Msaidizi mmoja alikuja kwangu juzi akitetea binti wa miaka kumi na tatu ambaye darasa zima linavaa viatu vya ncha isipokuwa yeye. Alisema binti anaumia moyoni, wenzake wanamwacha, na yeye mwenyewe alikumbuka jinsi ilivyouma nilipomzuia. Nikamwambia ampime mwenyewe, aje na jibu lake, nami nitalikubali. Alimpima. Mguu wa kulia ulikaa, wa kushoto kifundo kikayumba. Nikamwuliza nani atamwambia mama. Alinyamaza, kisha akasema ni yeye, akatoka nje kwenye benchi na kumkuta mama wa binti. "Shikamoo, mama," nilimsikia akianza, kisha akatoa kile kiatu kilichokatwa, alichokuwa amekichukua kabatini, akaanza kumwelezea tabaka la kwanza. Yule mama aliuliza maswali mengi sana, mengine makali. Binti yuko darasani bado, anafanya mazoezi ya mguu wa kushoto kwenye ngazi ya nyumbani kwao kila asubuhi kabla ya shule, na msaidizi wangu atampima tena muhula ukifungwa.